Je, Pennsylvania Ilianzishwa Kweli kwa Ajili ya Watu wa Kila Dini na Kila Kabila?

Swali limetoka kwa mama mmoja, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, ambaye sasa anaishi Lancaster, Pennsylvania. Anaandika: "Mwanangu amefundishwa shuleni kwamba William Penn aliianzisha Pennsylvania iwe kimbilio la watu wa dini zote na makabila yote. Mimi nimekua nikisikia kwamba makoloni ya Waingereza yalikuwa ya utumwa na kunyang'anya watu ardhi. Ipi ni kweli? Kwa nini mchanganyiko huo ulitokea huku, na si Boston au Virginia? Na sisi watu weusi, tulihesabiwa katika hao watu wote?"

Mama, mwanao hakudanganywa, nawe hukukosea. Mambo hayo mawili yalitokea mahali pamoja, miaka ileile, na mara nyingine kwa mkono wa mtu yuleyule. Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia juu juu, nami naliona ndilo kiini cha habari yote. Waanzilishi wa makoloni haya walihitaji watu wa kulima na fedha za kulipia madeni, kwa hiyo wakakaribisha. Kukaribishwa si haki. Aliyekukaribisha leo anaweza kukufukuza kesho. Waliogeuza makaribisho yale yakawa haki ni wageni wenyewe, waliobishana, wakaandika barua, wakafungwa, wakapiga kura, na wakakataa kuondoka.

Niruhusu nianzie New York, kwa sababu mchanganyiko ulianza huko kabla Mwingereza hajatawala. Mwaka 1624 kampuni ya Kiholanzi ya West Indies ilipeleka kiasi cha familia 30 kwenda kuanzisha makazi katika koloni lake la New Netherland, ambalo baadaye ndilo lililoitwa New York. Wengi wao hawakuwa Waholanzi. Walikuwa Wawaloni, Waprotestanti wenye kusema Kifaransa kutoka nchi ambayo leo ni Ubelgiji, waliokimbia utawala wa Wahispania Wakatoliki. Uholanzi ya wakati ule ilikuwa nchi tajiri na watu wake hawakuona sababu ya kuvuka bahari kwenda kukata miti msituni, basi kampuni ikamchukua yeyote aliyekubali: Wajerumani, Wadenmaki, Wanorwe, Waingereza waliochoshwa na ukali wa Boston. Padri Mjesuiti Isaac Jogues alipopita Manhattan mwaka 1643, aliambiwa kwamba lugha 18 zilikuwa zikisemwa pale, na kwa hesabu yake kisiwa hakikuwa na wanaume zaidi ya mia nne au mia tano.

Waafrika walikuwa wamekwisha kufika. Kampuni ililetewa watumwa tangu miaka ya 1620, wengi wakiwa wametekwa baharini kutoka meli za Wareno, na majina yao yamebaki katika kumbukumbu: Paulo d'Angola, Simon Congo, na wengineo wenye majina ya ufalme wa Kongo na pwani ya Angola. Hao ndio waliojenga ngome na kufyeka barabara. Mwaka 1644 wanaume 11 kati yao waliomba uhuru, wakapewa nusu yake: walipata ardhi, wakaruhusiwa kujitegemea, lakini walitakiwa kulipa kodi ya mazao kila mwaka, na watoto wao, waliozaliwa na watakaozaliwa, wakabaki kuwa mali ya kampuni.

Mtawala wa koloni kuanzia 1647 alikuwa Peter Stuyvesant, mtoto wa mchungaji wa Kikalvini, mtu mwenye nidhamu ya kijeshi aliyeamini kwamba dini moja ndiyo inayoshikilia mji. Septemba 1654 walishuka bandarini kwake Wayahudi 23 waliokimbia kutoka Recife, Brazil, baada ya Wareno kuuteka mji ule kutoka kwa Waholanzi. Hawakuwa na kitu. Stuyvesant akaandikia kampuni akiomba ruhusa ya kuwafukuza. Majibu yakaja mwaka uliofuata: waache wakae, wafanye biashara, mradi maskini wao wasiwe mzigo kwa kampuni wala kwa jamii. Kampuni ilisema wazi kwa nini. Wayahudi walikuwa wamepata hasara kubwa Brazil kwa ajili ya Uholanzi, na Wayahudi wa Amsterdam walikuwa na mtaji mwingi katika hisa zake.

Ruhusa hiyo haikutosha. Wayahudi walikatazwa kushika zamu ya ulinzi wa mji, wakatozwa kodi badala yake. Mmoja wao, Asser Levy, alikataa. Alidai haki ya kulinda kama wenzake, akadai tena, na mwaka 1657 akapata haki za mwananchi wa mji. Mwaka 1660 alipewa leseni ya uchinjaji, na leseni ile ikamwondolea wajibu wa kuchinja nguruwe. Naipenda sana habari hii ndogo kwa sababu inaonyesha uhuru wa dini ulivyo hasa katika maisha ya mtu: si maneno makubwa ya katiba tu, ni kazi unayoruhusiwa kufanya bila kulazimishwa kuvunja mwiko wa imani yako.

Mwaka huohuo wa 1657 walifika Wakweka, watu wa kanisa la Marafiki. Pengine unawafahamu kutoka Kivu au Burundi, na leo Kenya ndiyo nchi yenye waumini wao wengi kuliko nchi yoyote duniani. Enzi hizo walionekana watu wa hatari. Hawakuvua kofia mbele ya wakubwa, hawakula kiapo, hawakubeba silaha, na wanawake wao walihubiri hadharani. Stuyvesant alimchapa viboko kijana wao mmoja, Robert Hodgson, kisha akatangaza faini kwa yeyote atakayewalaza nyumbani kwake. Wakazi wa kijiji cha Flushing, Waingereza waliokuwa wakiishi chini ya Waholanzi, wakakutana Desemba 27, 1657 wakaandika barua ya kukataa amri ile. Karibu watu 30 walitia sahihi. Walisema sheria ya upendo na amani inawafikia hata Wayahudi, Waturuki na Wamisri, kwa kuwa wao nao ni wana wa Adamu, na kwamba mtu akija kwao kwa upendo hawawezi kumwekea mkono wa ukatili. Katika wote waliosaini, hakuna aliyekuwa Mkweka. Walikuwa wakiwatetea watu wasiokubaliana nao, na karani wao pamoja na afisa aliyeipeleka barua wakatiwa ndani kwa ajili hiyo.

Barua ilizimwa, lakini ubishi haukuzimika. Mwaka 1662 mkulima wa Flushing, John Bowne, aliruhusu Wakweka wasali nyumbani mwake, akakamatwa, akagoma kulipa faini, akasafirishwa hadi Uholanzi. Huko akaenda mwenyewe kwa wakuu wa kampuni kueleza kesi yake. Mwaka 1663 wakamwandikia Stuyvesant wakimtaka aache dhamiri za watu wakiwa watulivu, kwa sababu ukali ungepunguza wahamiaji katika nchi ambayo bado haina watu wa kutosha. Angalia mambo mawili yanavyokutana hapo: biashara ya kampuni na ukaidi wa mkulima. Kampuni ilikuwa na hoja ile ya wahamiaji tangu zamani, lakini haikuitumia kuwatetea Wakweka mpaka mtu mmoja alipokataa kulipa.

Waingereza walipofika na meli za kivita mwaka 1664, Stuyvesant alisalimu amri bila vita, na koloni likawa la James, Duke wa York, mdogo wake mfalme Charles II. Masharti ya kusalimu yaliwahakikishia Waholanzi uhuru wa dhamiri, kanisa lao na desturi zao za mirathi. James hakuwa na njia nyingine. Askari wake walikuwa wachache, na wakazi wasingekubali kugeuzwa Waanglikana kwa usiku mmoja. Miaka zaidi ya 20 baadaye gavana Thomas Dongan, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa Ireland, aliripoti kwamba Waanglikana ni wachache, Wakatoliki wachache, Wakweka wa kila aina ni tele, wapo wanaoshika Sabato na wanaoipinga, wapo Wayahudi, na kwamba walio wengi zaidi hawana dini yoyote.

Usifikiri New York ilikuwa peponi. Sheria ya mwaka 1700 iliweka kifungo cha maisha kwa padri wa Kikatoliki atakayekutwa humo. Mfanyabiashara tajiri kuliko wote, Frederick Philipse, aliyeanza kama seremala wa kampuni ya Kiholanzi, alituma meli hadi Madagascar miaka ya 1690, ambako maharamia walikuwa na kituo chao, na meli hizo zikarudi na watumwa Wamalagasi. Hivyo hata watu wa upande wetu wa Bahari ya Hindi walifika katika mji ule kwa minyororo. Mwaka 1741, baada ya mioto kadhaa kuzuka mjini, watu zaidi ya 30 waliuawa kwa tuhuma za njama. Walio wengi walikuwa watumwa, na 13 kati yao walichomwa moto wakiwa hai. Mwalimu mzungu, John Ury, alinyongwa pamoja nao kwa kushukiwa kuwa padri. Watu wa lugha nyingi wanaweza kuishi mtaa mmoja kwa miaka mia na bado wakaogopana hivyo.

New Jersey na Delaware nitazigusa tu. New Jersey ilikatwa kutoka ardhi ya James mwaka 1664 na kupewa mabwana wawili, ambao waliahidi uhuru wa dhamiri ili wapate wanunuzi wa ardhi. Upande wa magharibi ukaishia mikononi mwa Wakweka, na upande wa mashariki ukapokea Waskoti wengi. Delaware ilikuwa imeanza na Waswidi na Wafini mwaka 1638, ikachukuliwa na Waholanzi 1655, kisha Waingereza. Wafini na Waswidi hao waliingiza ujenzi wa nyumba za magogo, ambao baadaye ulienea mpakani kote.

Sasa Penn. Alizaliwa London mwaka 1644, baba yake akiwa amiri wa jeshi la majini. Alifukuzwa chuo cha Oxford kwa kukataa ibada ya Kianglikana, akawa Mkweka mwaka 1667, akafungwa mara kadhaa, mara moja katika ngome ya London. Mwaka 1670 alishtakiwa kwa kuhubiri barabarani. Baraza la wazee wa mahakama likakataa kumtia hatiani hata baada ya kunyimwa chakula, na kesi yake ikajenga kanuni kwamba wazee hao hawawezi kuadhibiwa kwa uamuzi wao. Mtu aliyepitia hayo hakuhitaji kusoma kitabu ili ajue mateso ya dini. Kwa hiyo mwalimu wa mwanao anaposema Penn aliamini uhuru wa dini, yuko sahihi kabisa.

Lakini ardhi ile ilipatikana kwa deni. Mfalme Charles alidaiwa na familia ya Penn pauni 16,000, na badala ya fedha alitoa hati, Machi 4, 1681, ya eneo la kilometa za mraba zaidi ya 110,000, yaani zaidi ya mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Penn sasa alikuwa na ardhi kubwa isiyo na mapato. Ili aiuze alichapisha matangazo kwa Kiingereza, na yakatafsiriwa kwa Kiholanzi na Kijerumani. Ekari 5,000 ziliuzwa kwa pauni 100. Asiye na fedha alipangishwa, na mtumishi aliyekuja na bwana wake alipata ekari 50 baada ya mkataba wake kuisha. Uhuru wa dini ulikuwa imani yake, na papo hapo ulikuwa sehemu ya bei. Sioni haja ya kuchagua moja. Angekuwa mfanyabiashara tu angeuza ardhi vizuri zaidi. Koloni halikumtajirisha, na mwaka 1708 alikuwa gerezani Uingereza kwa ajili ya deni.

Meli zaidi ya 20 zilifika mwaka wa kwanza. Wakweka kutoka Wales walijipatia eneo lao magharibi ya Philadelphia, wakitumaini kujitawala kwa lugha yao. Mwaka 1683 familia 13 kutoka Krefeld, karibu na mpaka wa Ujerumani na Uholanzi, zilianzisha Germantown pamoja na mwanasheria Francis Daniel Pastorius. Hati ya Haki ya mwaka 1701 ikaweka kwamba yeyote anayemkiri Mungu mmoja asisumbuliwe kwa imani yake wala kulazimishwa kulipia kanisa lolote, na kwamba kila anayemwamini Yesu Kristo anaweza kushika madaraka. Ile kengele maarufu ya Philadelphia, Kengele ya Uhuru, iliagizwa mwaka 1751, miaka 50 baada ya hati hiyo.

Kwa nini si Boston au Virginia? Boston ilikuwa na waanzilishi waliokimbia mateso pia, lakini walikimbia ili wajenge jamii ya imani moja, yao. Kati ya 1659 na 1661 waliwanyonga Wakweka wanne, akiwemo mwanamke, Mary Dyer, ambaye alifukuzwa akarudi tena. Tena hawakuhitaji wageni. Familia zao za Kiingereza zilizaana kwa wingi. Virginia ilikuwa na Kanisa la Anglikana lililolipiwa kwa kodi ya wote, na ardhi nzuri ya pwani ilikwisha kushikwa na wakubwa wa tumbaku, waliotaka vibarua na watumwa kuliko wakulima jirani. Makoloni ya kati, yaani New York, New Jersey, Pennsylvania na Delaware, yalikuwa na ngano, udongo mzuri na bandari, na hayakuwa na kanisa la serikali lenye nguvu ya kuwafukuza watu. Rhode Island ya Roger Williams, iliyoanza 1636, ilitangulia wote kwa uhuru, ila ilikuwa ndogo mno kupokea umati.

Umati wenyewe ulikuja karne ya 18, na sehemu hii inakuhusu moja kwa moja wewe mkazi wa Lancaster. Wamenoniti wenye asili ya Uswisi walifika hapo mwaka 1710. Nyumba yao ya mawe ya mwaka 1719, ya familia ya Herr, bado imesimama nje kidogo ya mji. (Wamisionari wa Kimenoniti walioanzisha kituo cha Shirati, mkoani Mara, Tanzania, mwaka 1934 walitumwa na wazao wa watu hawa wa Lancaster.) Wakafuata Walutheri, Waamishi, na Wamoraviani waliojenga mji wa Bethlehem mwaka 1741, kanisa lilelile lililofika Rungwe, Tanzania, mwaka 1891. Kutoka kaskazini mwa Ireland walikuja Waskoti wa Kipresbiteri, waliochoshwa na kodi za mashamba na dharau ya Waanglikana, wakasukumwa hadi mpakani magharibi. Wayahudi wa Lancaster walikuwa na makaburi yao tangu 1747. Philadelphia ikawa na kanisa la Kikatoliki tangu 1733. Viongozi walijadili kama sheria ya Uingereza inakataza misa, kisha wakaliacha likaendelea. Ukatoliki huo ungekupeleka gerezani New York, mwendo wa siku chache tu kutoka hapo.

Namna walivyosafiri inafaa uijue, maana wakimbizi wa leo mtaitambua. Mjerumani maskini alipanda meli Rotterdam bila nauli. Akifika Philadelphia hakuruhusiwa kushuka mpaka mtu amlipie, na anayemlipia alinunua kazi yake kwa miaka kadhaa. Mzazi akifa njiani, mtoto alirithi deni la safari ya marehemu. Watoto walifungwa mikataba hadi umri wa miaka 21, mara nyingi kwa familia tofauti, mbali na wazazi. Wengi walikufa baharini kwa homa na njaa. Walionusurika na kumaliza mkataba walipata kazi au shamba, na barua zao nyumbani ziliwavuta wengine. Kufikia wakati wa mapinduzi ya Marekani dhidi ya Uingereza, karibu theluthi ya wakazi wa Pennsylvania walikuwa Wajerumani.

Waingereza waliingiwa na hofu. Benjamin Franklin, mchapishaji na mwanasiasa wa Philadelphia, mtu mwenye akili nyingi, aliandika mwaka 1751 akilalamika kwamba koloni lililoanzishwa na Waingereza linageuka la wageni ambao karibuni watatugeuza sisi Wajerumani, na ambao hawatajifunza lugha yetu wala desturi zetu. Mama, ukisikia maneno kama hayo yakisemwa leo juu ya Wakongomani au Wasomali, ujue ni ya zamani, na walioambiwa kwanza ni mababu wa baadhi ya wanaoyasema. Wajerumani hawakunyamaza. Christopher Sauer wa Germantown alikuwa na gazeti la Kijerumani tangu 1739, na mwaka 1743 alichapa Biblia ya Kijerumani, miongo kadhaa kabla Biblia ya Kiingereza haijachapwa katika makoloni yale. Kwa kuwa walipewa uraia na kura, mwaka 1764 walichangia kumwangusha Franklin katika uchaguzi wa bunge la koloni, maneno yake yakiwa yamechapwa upya ili wayasome.

Hata hivyo haki ilikuwa na ngazi. Myahudi aliweza kusali na kuuza bidhaa, lakini hakuweza kukaa bungeni, kwa sababu kiapo kilitaka imani katika Kristo, na baada ya kutangazwa uhuru katiba ya Pennsylvania ya 1776 ikadai kukiri Agano Jipya. Wayahudi wa Philadelphia walipeleka malalamiko mwaka 1783. Sharti hilo liliondolewa katika katiba ya 1790.

Sasa ardhi. Walenape waliishi bonde la mto Delaware kabla ya wote hawa, na Penn aliwanunulia ardhi kwa mikataba badala ya kuwapiga vita. Wao wenyewe waliukumbuka wema huo kwa vizazi. Lakini hata ununuzi wa haki ulikuwa na mwisho mmoja, kwa sababu kila meli mpya ilitaka mashamba mapya, na kadiri Pennsylvania ilivyokuwa huru ndivyo meli zilivyozidi kuja. Wanawe Penn hawakuwa na subira ya baba yao. Mwaka 1737 walitoa hati wakidai kwamba mwaka 1686 Walenape waliuza ardhi yenye urefu wa mwendo wa mtu wa siku moja na nusu. Walenape walielewa ni mwendo wa kawaida kando ya mto. Familia ya Penn ikafyeka njia mapema, ikaajiri wakimbiaji watatu, na aliyemaliza, Edward Marshall, alifika zaidi ya kilometa 100. Ekari zaidi ya milioni moja zilikwenda kwa ulaghai huo. Miaka 18 baadaye mpaka uliwaka vita, Walenape wakirudi na silaha.

Mji wako una sehemu yake. Desemba 14, 1763, wanaume wenye silaha kutoka Paxton, wengi wao Wapresbiteri wa asili ya Ireland, waliwaua wenyeji asilia 6 wa Conestoga, watu wachache wasio na vita na yeyote, waliokuwa na mkataba wa amani na Penn mwenyewe. Manusura 14 wakahifadhiwa katika jengo la jela Lancaster kwa usalama wao. Desemba 27 wauaji wakaingia mjini, wakalivunja jengo, wakawaua wote, watoto wakiwemo. Hakuna aliyeshtakiwa. Pale palipokuwa na jela ile sasa ni ukumbi wa tamthilia wa Fulton, mtaa wa Prince. Waliofanya hivyo walikuwa watoto wa watu waliohamishwa na dhuluma, na jambo hilo linaniuma kila ninapolifundisha.

Swali lako la mwisho: watu weusi walihesabiwa? Walikuwepo tangu mwanzo, na hawakuhesabiwa. Meli Isabella ilileta Philadelphia Waafrika 150 mwaka 1684, mji ukiwa na miaka miwili tu, na Wakweka waliwanunua upesi kwa kazi ya kufyeka na kujenga. Penn alikuwa na watumwa katika shamba lake la Pennsbury. Ngano ya wakulima huru wa Lancaster ilisagwa na unga wake ukalisha visiwa vya sukari vya Karibiani, ambako watumwa walifanya kazi hadi kufa.

Kulikuwa na sauti iliyopinga mapema. Mwaka 1688 watu wanne wa Germantown, Pastorius akiwa mmoja, waliandikia mkutano wa Wakweka wakiuliza: sisi tuliosafiri tukihofu kutekwa baharini na Waturuki na kufanywa watumwa, tuna haki gani ya kuwafanyia hivyo watu weusi? Hapa kuna uhuru wa dhamiri, walisema, basi pawe na uhuru wa mwili pia. Mkutano wa mtaa ukaona jambo ni zito, ukalipeleka ngazi ya juu, nayo ikalipeleka juu zaidi, na huko likawekwa kando. Ilichukua miaka 70 hadi mkutano mkuu wa Philadelphia ulipoanza, mwaka 1758, kuwaadhibu waumini walionunua na kuuza watu. Kumiliki kwenyewe kulikatazwa mwaka 1776. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 ya kukomesha utumwa ilikuwa ya polepole sana: aliyekuwa mtumwa alibaki mtumwa, na mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya sheria angetumika hadi afike miaka 28.

Watu weusi wa Philadelphia wakafanya walichofanya Wamenoniti, Wayahudi na watu wa Flushing. Richard Allen alizaliwa mtumwa mwaka 1760, akaununua uhuru wake, akawa mhubiri wa Kimethodisti. Yeye na Absalom Jones walianzisha chama cha Waafrika huru cha kusaidiana mwaka 1787. Katika kanisa la Mtakatifu George, wasimamizi walimvuta Jones ili ainuke mahali alipopiga magoti, sala ikiwa inaendelea, wakitaka watu weusi wakae kwingine. Waafrika wakatoka wote kwa pamoja. Mwaka 1794 Allen alifungua kanisa la Bethel katika kiwanja alichonunua mwenyewe. Wamethodisti wazungu wakadai jengo ni lao, kesi ikaenda hadi mahakama kuu ya Pennsylvania, na mwaka 1816 Bethel ikashinda. Miezi michache baadaye Allen akawa askofu wa kwanza wa kanisa la African Methodist Episcopal.

Kwa hiyo mwambie mwanao kwamba somo lake ni la kweli, ila halijaisha. Philadelphia ni safari fupi ya treni kutoka kwenu. Bethel ipo Mtaa wa Sita upande wa kusini, katika kiwanja kilekile. Ghorofa ya chini kuna makumbusho na kaburi la Allen, na ibada inaendelea kila Jumapili.